Mbeba Nyasi kwenye Picha ya Filip

Tumba, Stockholm
Jumapili, 14 Januari 2024

Mdogo wangu Januari,

Umeamkaje huko Karagwe? Na mgongo wako, wenyewe umeamkaje? Dativa hajambo? Watoto wenu, wajukuu, ng'ombe? Mimi nipo, nasukuma siku. Ni magoti tu. Daktari wa Flemingsberg aliyapiga picha akasema ni uzee. Nikamwambia Anitha, hebu mwulize na yeye, mbona anachechemea na bado kijana? Anitha akakataa kunitafsiria. Mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Anayeandika ni Fidèle, Mkongo wa Uvira, tunasali naye, kazi yake kusafisha treni. Kila Jumapili nampikia ndizi, naye ananiandikia. Nimemwambia aandike nilivyosema, asinitengeneze niwe kama mwalimu. Anasema, "Mama, maneno ni mingi, karatasi itaisha." Namwambia karatasi zinauzwa.

Ningekupigia simu, lakini simu yako anaishika Dativa, na akiipokea anaweka sauti kubwa mpaka kuku wanasikia. Hili ni lako peke yako. Lisome ukiwa shambani.

Sasa sikiliza. Hapa kwenye jengo letu kuna chumba cha kufulia chini kabisa, watu wanakitumia kwa zamu. Mimi zamu ya Anitha ikifika nashuka naye hata kama sina nguo, maana kule kuna joto na mashine zinaongea. Juzi nikakuta bwana mmoja ametoa vitu vyake stoo, bomba lilipasuka, kila kitu kimelowa. Ni Filip, wa ghorofa ya pili, fundi seremala. Ndiye aliyetutengenezea kabati la jikoni, na nakwambia ule mlango haujalalamika tena. Basi kati ya vitu vyake kuna picha kubwa ya kuchorwa kwa rangi, ameiegemeza kwenye mashine ya kukaushia.

Januari, nilikaa mbele ya ile picha mpaka nguo zikaisha. Ni vilima, vya kijani kama vyetu vya kuelekea Kyerwa. Kuna miti imetoa maua meupe, ua wa mbao, kisima chenye mti mrefu wa kuvutia maji. Na nyasi. Wamekata nyasi wamezirundika kuzunguka mti uliosimama, milundo mingi, utadhani ni vibanda visivyo na mlango. Watu wamebeba nyasi kwa uma mrefu begani. Wote begani. Isipokuwa mmoja, huku chini pembeni, mdogo kama punje mbili za maharage. Huyo kajitwika mzigo kichwani, na mikono yote miwili ameiachia, hashiki kitu. Bega la kushoto limeshuka. Na ngata chini ya mzigo, Januari, mkia wa ngata unaning'inia kisogoni.

Ni nani kwetu alikuwa anabeba nyasi za kutandika ndani hivyo, mkia wa ngata nje? Mama alikuwa anamcheka, "Lameck, wewe ni mwanamume au bibi harusi?" Naye anazidi kuachia mikono.

Nikamwita Anitha. Akasema, mama, hilo ni doa la rangi. Nikamwambia mwulize Filip hapa ni wapi. Filip akasema ni kijijini kwao, nchi ya Rumania, shangazi yake ndiye aliyechora. Anitha akageuza nyuma akasoma mwaka. 1986.

Na sisi tulimzika kaka yako Lameck mwaka 1985.

Filip aliona machozi, akanipa ile picha. Sasa iko juu ya televisheni. Anitha anasema inanuka ukungu. Inanuka, ndiyo.

Nina mawili tu ya kukuuliza. Lameck alikwenda nchi gani hasa? Sisi kila aliyekwenda kusoma kwenye baridi tulisema yuko Urusi. Na yule rafiki yake uliyekutana naye Bukoba mjini, aliyekwambia Lameck kafa kwa mapafu na wamemzika hukohuko, aliitwa nani? Maana hakuna mwingine aliyemwona, ni wewe tu.

Fidèle anasema nimalize, ndizi zinapoa. Ukipata mtu anayekuja, nitumie senene, zilizokaangwa kavu.

Dada yako,
Paskalia


Karagwe
20 Februari 2024

Dada yangu Paskalia,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako nimeipokea parokiani nikaisoma peke yangu kama ulivyoagiza. Sisi sote ni wazima. Mvua imechelewa kidogo, kahawa inaonyesha matumaini. Pole kwa magoti.

Kuhusu uliyoniuliza. Ni kweli Lameck alikwenda kusoma mifugo Rumania. Jina la yule rafiki nimelisahau, ni miaka thelathini na tisa.

Dada, Rumania ni nchi kubwa yenye mamilioni ya watu. Mchoraji huweka mtu anapotaka na mzigo anapotaka. Wewe una huzuni ya ugeni, na baridi hiyo, na kukaa ndani kutwa. Nakuelewa.

Lakini na wewe unielewe. Mimi na Dativa tulifunga ndoa kanisani mwaka 1987, kwa cheti cha ujane ambacho Baba alikwenda kumwombea kwa paroko. Tuna watoto watano. Mimi ni mwenyekiti wa halmashauri ya walei. Ikisemwa kwamba Lameck alikuwa hai mwaka 1986, maana yake nilioa mke wa mtu aliye hai, na Dativa aliishi na wanaume wawili. Umri huu, dada! Atatembeaje njiani?

Mrudishie huyo bwana picha yake. Na hayo maneno yaishie kwangu. Usimwambie Anitha zaidi.

Nitatafuta senene, msimu umepita.

Mdogo wako,
Januari


Tumba
Jumapili, 10 Machi 2024

Januari wa mama,

Habari za huko tangu tuachane kwa maandishi? Umepona mgongo? Hukuniambia habari za mgongo, umeandika kahawa. Mimi nimeanguka kidogo barafuni, sikuumia, niliangukia makalio, na hayo bado ninayo. Vijana wawili waliniinua, wakaniuliza kitu, nikawajibu asante kwa Kiswidi, ndilo neno ninalolijua vizuri.

Barua yako Fidèle alinisomea mara mbili. Mara ya pili nilimwambia asome polepole pale kwenye rafiki. Jina umelisahau. Sawa. Wewe uliyefundisha shule miaka thelathini na tano, unayekumbuka mpaka leo nani alikosa hesabu darasa la nne, jina la mtu aliyekuletea msiba wa kaka yako umelisahau.

Mimi sijasahau kitu. Baba alichagua mwenyewe mgomba wa kuzika badala ya mwili, ule wa nyuma ya jiko. Ukakatwa urefu wa mtu. Tukauvisha koti la Lameck la kuchumbia, lile la kahawia, tukauzungushia shuka. Wewe ulishika upande wa kichwa. Tulipofika kaburini ulilia mpaka Baba akakuambia, "Inatosha sasa, Januari, utatuangushia mtu." Mtu! Mgomba ule. Dativa akanyolewa. Alikuwa hajafika hata miaka ishirini na tano, kichwa kikawa kidogo kama cha mtoto. Kila nikija nyumbani nilikuwa napita hapo namwambia Lameck shikamoo, ingawa ni mdogo wangu, maana wafu ni wakubwa. Kumbe nasalimia nini?

Umesema una wasiwasi Dativa atatembeaje njiani. Na Lameck alitembeaje? Kama alikuwa hai, akasubiri barua ya kwao, akasubiri, na sisi huku tumeshakula matanga yake?

Picha simrudishii. Naamka asubuhi namwona. Anitha amechoka na mimi. Jana kanifokea, "Mama, unaongea na ukuta!" Nikamwambia ukuta wa Ulaya ni mwembamba, pengine anasikia. Akacheka, halafu akakaa karibu yangu, akaniuliza mjomba Lameck alikuwaje. Nikamwambia. Samahani, nimemwambia.

Halafu kuna hili. Yule shangazi yake Filip bado yuko hai, kijijini kulekule. Alikuwa mwalimu, na anajua Kifaransa! Na Fidèle si Mkongo? Filip kasema shangazi ametoka hospitali, tungoje apate nguvu, halafu watampigia simu hapahapa sebuleni kwangu, Fidèle amwulize kwa Kifaransa: huyu mwenye mzigo kichwani ni nani? Fidèle anaogopa kuliko mimi. Anasema, "Mama, na kama ni yeye?" Nikamwambia, kama ni yeye nitakula chakula chote cha leo na cha kesho.

Kwa hiyo nitajua, Januari, hata usiponiambia. Ningependa nijue kutoka kwako.

Dada yako,
Paskalia


Karagwe
20 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Sikuandika wakati wa Pasaka, sikuweza. Nilisoma somo kanisani, sauti ikanikauka katikati, watu wakadhani ni malaria.

Barua hii itakapokufikia utakuwa umeshaongea na huyo mama. Kwa hiyo hakuna ninachookoa kwa kunyamaza. Afadhali uisikie na kwangu.

Hapakuwa na rafiki. Sikukutana na mtu Bukoba. Mwaka ule, mwezi wa tano, ilikuja barua ya Lameck kwa anuani ya shule yangu, kwa sababu nyumbani hapakuwa na sanduku la posta. Aliandika kwamba amepata mwanamke huko na hatarudi. Akasema Dativa asimngoje.

Nilikaa na barua hiyo siku nne. Nikajiuliza nitamwambiaje Baba kwamba mtoto wake amemkataa. Nikajiuliza nitamwambiaje Dativa, ambaye alikuwa anakwenda kila Jumamosi shuleni kwangu kuuliza kama kuna barua, kilomita saba kwa miguu. Nikaona mtu aliyekufa anaumiza mara moja tu. Nikasema amekufa. Nilidhani watalia yaishe. Sikujua Baba atataka kuzika mgomba. Nilipoona unakatwa nilitaka kusema, dada, nakuapia, mdomo ulifunguka. Kisha Baba akanipa nishike upande wa kichwa.

Unajua lililofuata. Wazee walisema nimchukue shemeji. Sitakudanganya hapa, sikulazimishwa. Nilimpenda tangu siku aliyoletwa nyumbani.

Dativa hajui chochote. Ukiweza kumwachia mtu kitu kimoja maishani, niachie hicho.

Mdogo wako,
Januari


Tumba
Jumapili, 19 Mei 2024

Januari,

Leo sikuulizi mgongo.

Barua yako ilisomwa Jumatano, Fidèle alitoka kazini na nguo za kazi. Alipofika pale kwenye mgomba akaacha kusoma, akaenda kunywa maji. Alirudi akasema, "Mama, mie nisome tena ama niache?" Nikamwambia soma. Nilikuwa nimeshika bakuli la njegere namenya, nikaendelea mpaka vidole vikauma. Sikukulaani. Fidèle ni shahidi. Nilimwita mama tu, "Mawe waitu!" na nikanyamaza, na wewe unajua mimi kunyamaza ni ugonjwa.

Sasa nikwambie kilichotokea siku tatu kabla barua yako haijafika.

Filip alikuja Jumapili na chupa ya kinywaji chao cha matunda, kikali, kinapita kooni kama moto wa mabua. Akapiga simu ya video. Shangazi akatokea, mwanamke mweupe wa makamo yangu, kafunga kitambaa kichwani kama mimi, tukaangaliana. Akanipungia. Nikampungia. Fidèle akaanza Kifaransa chake na jasho linamtoka. Nikainua simu mbele ya picha, nikamwekea kidole palepale.

Yule mama alicheka, Januari. Akacheka kwa furaha, akaita watu wa nyumbani kwake waje waone. Fidèle akaniangalia. Nikamwambia sema! Akasema, "Mama, ni mama mkwe wake. Alikuwa anapelekea ng'ombe nyasi. Kule kwao wamama wanabeba kichwani, na kata wanafanya ya kitambaa."

Na ngata wanayo! Rumania! Na mkia wanauacha nje.

Basi ndiyo hivyo. Ni mwanamke. Ana jina na kaburi lake liko kanisani kwao. Miezi minne namwamkia mama mkwe wa watu namwita Lameck. Anitha alinishika bega akidhani nitaanguka. Mimi nilitaka kucheka nikalia, nikalia mpaka shangazi wa watu na yeye akaanza kulia kule kwenye simu bila kujua analia nini.

Siku ile nilikuwa nimeshaamua nikuandikie unisamehe. Nilishamwambia Fidèle maneno ya kuanzia: mdogo wangu, nimezeeka, macho yamenidanganya, yaishe. Jumatano ikaja barua yako.

Fidèle aliniambia ninyamaze. Anasema usingejua kamwe kwamba picha haikuwa yeye, ungebaki unadhani Lameck ameonekana. Lakini mimi sitaki kukushika kwa uongo wa picha. Nimekosea, na nakwambia nimekosea. Hakuna aliyemwona Lameck. Hatujui kama yu hai, kama alikufa mwaka juzi, kama ana watoto wenye masikio ya Baba.

Ila tunajua wewe ulifanya nini.

Umeomba nikuachie Dativa asijue. Siwezi. Nilikuwepo akinyolewa, nilishika beseni la nywele. Mwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, ukiwa umekaa, yeye akiwa ameshiba. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi wa sita. Ukishindwa, nitampigia, na ataweka sauti kubwa kama kawaida yake.

Na ile barua. Wewe hutupi karatasi, hata risiti za chumvi unazo. Mwonyeshe.

Senene zilifika, Mungu ambariki aliyezileta. Nilizila nikiwa bado sijui. Zilikuwa tamu.

Paskalia


Karagwe
30 Juni 2024

Wifi yangu Paskalia,

Shikamoo wifi. Nakuamkia, na Anitha, na huyo baba Fidèle anayekusomea. Shikamoo na wewe baba, usione haya, soma tu.

Januari aliniambia Alhamisi. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka namenya ndizi za mchana. Aliketi mbele yangu chini, mtu wa mgongo mbovu, nikajua kuna neno. Aliongea kama anayesoma ubaoni. Aliponiambia hapakuwa na rafiki, nilimaliza ndizi niliyoshika, nikaiweka majini isiwe nyeusi. Nikamwambia, lete barua.

Alikwenda akachelewa sana. Aliileta ndani ya rejista ya darasa la tatu ya mwaka ule. Akaniambia, "Usiisome, nimeshakuambia yaliyomo." Nikamwambia, Januari, nina macho.

Wifi, bahasha imeandikwa jina langu. Dativa, kwa mkono wa mwalimu Januari. Ilikuwa barua yangu.

Na hakuna mwanamke humo. Lameck alikuandikia salamu wewe, na Baba, na Mama. Akasema amemaliza masomo. Wamempa nafasi ya kubaki miaka miwili zaidi asomee magonjwa ya ng'ombe, na mke anaruhusiwa kumfuata. Akaniuliza: je, niende, au yeye arudi, au nimechoka kungoja? Akasema kama nimechoka hatanilaumu, nisihangaike kumwandikia maneno magumu, nikae kimya tu, naye ataelewa.

Nikakaa kimya, wifi. Nilikaa kimya huku kila Jumamosi natembea kwenda shule kuuliza barua. Januari alikuwa ananipa chai.

Nilimwuliza kwa nini hata kwako, alipokuwa anaungama, alisema kuna mwanamke. Akasema amelisema kichwani miaka mingi, mpaka siku nyingine huwa anamwona, mwanamke mweupe mwenye koti. Nilimwangalia. Nadhani alisema kweli.

Utataka kujua tunaishije. Chakula nampa. Analala chumba walichokuwa wanalala watoto. Uenyekiti wa walei ameuacha mwenyewe, amewaambia ni mgongo. Kwa paroko atakwenda siku atakayoweza, sitamsukuma wala sitamsindikiza. Watoto wameniuliza, nikawaambia baba yenu ana jambo la kuwaambia, mpeni muda. Usiku namsikia anakohoa, na najua ni kile kikohozi cha kutaka niulize. Siulizi. Nilizaa naye watoto watano na nilikuwa na furaha, wifi, hilo nalo linanikasirisha.

Usijilaumu kwa ile picha. Nakuomba Anitha aipige na simu anitumie, nione hivyo vilima. Nataka kujua ningekuwa nafulia wapi.

Anuani ya Lameck iko kwenye barua, mji unaitwa Cluj, nyumba ya wanafunzi. Najua haitakuwa hiyo tena. Nimeinakili kwenye karatasi ndogo, mpe Filip. Mwambie nina shukrani, na kama ana mtu wa kuuliza huko chuoni kwao, aulize. Aliitwa Lameck, alisoma mifugo, alimaliza mwaka 1985. Kama amekufa, waniambie wapi. Kama yu hai na ana mke, sitaki kumvurugia, wampe tu kilicho chake.

Humu ndani utakuta bahasha ya pili, nimeifunga kwa gundi na juu nikaweka utepe. Nimemjibu. Iliniuliza mimi, nimejibu mimi. Hiyo usisomewe, wifi, na baba Fidèle asiifungue hata maandishi yakionekana kwenye mwanga. Filip naye vivyo hivyo. Asipopatikana mwenyewe, irudi kwangu ilivyo.

Wifi yako,
Dativa